Koti Lipo Kazini

Hadithi nyingine hubisha hodi. Hii mlango wake u wazi, ingieni, ila kung'uteni miguu, maana mchanga wa Povuni ukishaingia ndani haufagiliki.

Povuni ni mji mdogo wa pwani katika nchi moja isiyo na jina. Si kwamba jina lilikosekana. Kamati ya Taifa ya Jina iliteuliwa zamani, ikapewa jengo, gari, na bendera ya kupeperusha garini. Hukutana kila Jumatano bila kukosa. Tatizo ni kwamba wajumbe wote huwakilishwa na makoti yao, na katiba ya nchi ile, ambayo ni katiba nzuri sana, inasema koti ni sawa na mtu katika mambo yote isipokuwa kunyanyua mkono. Basi jina halipiti.

Hili la makoti wageni huliona geni, wenyeji wamelizoea kama chumvi ya bahari. Kila mtumishi wa umma kule ana makoti mawili: moja la kuvaa na moja la kufanya kazi. La kufanya kazi hutundikwa kitini Jumatatu asubuhi, kisha mwenyewe akaenda zake shambani, au harusini, au kwenye kazi yake ya pili, ambako nako ana koti. Ukiingia ukauliza kama Bwana Afisa yupo, utaambiwa yupo, hulioni koti lake? Nawe utakaa.

Bi Mwanakombo binti Shee alikaa siku tatu. Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, elimu yake darasa la saba, na alikwenda mji wa pili kwa ukubwa kutafuta kitambulisho. Siku ya kwanza alilitazama koti kimya. Siku ya pili aliona si adabu kukaa na mtu bila kumsalimu, akalisalimu. Siku ya tatu alilipelekea chai na maandazi mawili, na lilipokosa kula akajiambia labda limefunga. Kisa hiki hakikusimuliwa na maadui zake. Alikisimulia mwenyewe, na kila akifika kwenye maandazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Bi Mwanakombo alikuwa na kitu kimoja duniani, nayo ni nyumba ya mawe yenye vyumba kumi na ua, inayotazama bahari. Alizaliwa humo, chumba kilicho karibu na kisima, na nia yake ilikuwa kutoka humo mara moja tu, akiwa amebebwa.

Sasa, bahari ya Povuni ina mawimbi marefu yanayojiviringa kama jamvi. Kwa miaka mia tatu watu wa Povuni waliyalaani, kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kutia nanga pale, na mji ukabaki maskini ukitazama utajiri ukipita mbali. Kisha siku moja akaja kijana mrefu kutoka nchi ya theluji, jina lake Lasse, amebeba ubao kwapani. Bi Mishi, jirani wa Bi Mwanakombo, aliutazama ule ubao akajua ni wa kupigia pasi, akamletea baibui lake anyooshewe. Lasse alilipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa hakujua lugha, akalirudisha jioni limekunjwa vizuri. Ndipo mji ukamwona akisimama juu ya ubao ule ule, anateleza juu ya wimbi kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Watu wa Povuni wakatazamana. Miaka mia tatu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wimbi ni kitu cha kupandwa.

Lasse akapanga chumba kwa Bi Mwanakombo. Mchana alikaa ukumbini akikodolea kompyuta, akizungumza peke yake, akicheka peke yake, na mara nyingine akiomba radhi peke yake. Bi Mwanakombo akajua huyu kachezewa. Alimchemshia mwarobaini, akamsimamia mpaka akamaliza kikombe. Lasse alikunywa siku nne mfululizo, akiamini ndicho kifungua kinywa cha nchi.

Aliyefumbua fumbo ni Chausiku, msichana kutoka mji mkuu, aliyekuja mwezi uliofuata na mkoba mmoja. Yeye alichora majengo ya watu wa ng'ambo.

"Bibi, usiniletee dawa," alisema. "Niko kazini."

"Kazini wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa."

"Na mkubwa wako?"

"Yuko mbali. Huu mwaka wa tatu, hajawahi kuniona miguu."

Na ilikuwa kweli, kwani juu alivaa shati la ofisini lenye kola, na chini kanga.

Bi Mwanakombo alifikiri sana, kisha akasema kwamba jambo hili si jipya hata kidogo. Serikali yake imefanya kazi za mbali tangu yeye yu msichana. Tofauti ni kwamba hawa wa ukumbini kazi yao hufika.

Kufika msimu wa mawimbi walikuwa tisa, na nyumba ikawa na sheria zake. Wote hula sinia moja, aliyepika haoshi vyombo, na mlango uliotundikwa leso nyekundu haupitiwi kwa kelele, maana ndani kuna mtu anazungumza na nchi nne. Asubuhi ni ya mawimbi, kwa kuwa wakubwa zao huko upande wa pili wa dunia wamelala. Kazi huanza saa nane mchana. Na kila Jumamosi jioni ni vitendawili, kwa kanuni zile zile alizozikuta Bi Mwanakombo kwa bibi yake: mtegaji atega, na aliyeshindwa atozwe mji. Mtegaji akiona mji aliopewa haufai, ana haki ya kuukataa mpaka apewe anaoutaka. Hapo ndipo atoe jibu. Kabla mwezi haujaandama, Lasse alikuwa ameshagawa miji yote ya kwao, amebakiwa na stesheni moja ya treni.

Habari njema haina miguu, lakini katika nchi ile ina barua. Serikali ilisikia kwamba Povuni kuna watu wanafanya kazi bila kuonekana wakifanya kazi, ikaona wivu. Ikaundwa Wizara ya Kazi za Mbali na Mambo ya Karibu. Mheshimiwa Waziri alihutubia taifa kwa saa mbili. Alisema mawimbi ya Povuni ni fahari ya taifa na tayari yamesajiliwa, yako elfu moja mia mbili, na wimbi lolote litakalozidi hapo litahesabiwa kuwa mhamiaji. Alisema serikali haitavumilia kazi za mbali zifanyike karibu bila kibali. Mwisho alisema nyumba yoyote itakayokutwa haina wafanyakazi waliohudhuria itakuwa, kwa faida ya umma, Nyumba ya Mapumziko ya Wizara. Na umma, akafafanua, ni yeye.

Nyumba ya namna hiyo katika nchi nzima ilikuwa moja.

Wiki moja kabla ya ukaguzi, lori likasimama mlangoni kwa Bi Mwanakombo likateremsha kitanda. Kilikuwa sita kwa sita, mti mweusi, kichwani kimechongwa nembo ya taifa, na kando kibandiko: Mali ya Mheshimiwa Waziri. Bi Mwanakombo akauliza ukaguzi ni lini. Akaambiwa wiki ijayo. Akauliza, na kitanda? Akaambiwa kitanda kimewahi foleni. Kikawekwa uani kungoja matokeo, na kila alipokwenda kisimani ilimbidi akizunguke. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe, Bi Mwanakombo akakosa hamu ya chai.

Siku ya ukaguzi, Mwenyezi Mungu akaleta mawimbi ambayo hayajaonekana mwaka ule. Saa nne asubuhi, Mkaguzi Mkuu yuko njia panda, na nyumba haina hata mmoja. Wote tisa wako baharini na mbao zao, wanapiga mayowe ya furaha. Ukumbini viti tisa vitupu vilitazamana. Kuwaita haiwezekani, sauti ya kikongwe haivuki povu.

Bi Mwanakombo akasimama katikati ya ukumbi. Akakumbuka maandazi yake mawili. Kisha akakimbia, kama wanavyokimbia wa miaka sabini na moja, yaani kwa mikono zaidi kuliko miguu.

Alitoa sandukuni koti la harusi la marehemu mumewe. Akaazima la mwalimu mkuu, la mpiga tarumbeta wa bendi ya beni, na joho la imamu, ambaye hakuuliza la nini. Bi Mishi alileta mawili ya wanawe walio Bara. Koti la mvua likapatikana jikoni, na jingine likatoka kwa mganga wa meno. Likapungua moja. Hapo akaona kwenye kamba suti ya mpira ya Lasse, ile nyeusi ya kuvaa majini, aliyoivua alfajiri kwa joto, inachuruzika maji. Akaitundika kiti cha mbele, mikono ikalala juu ya meza kama ya mtu aliyezama kazini.

Mkaguzi Mkuu, Bwana Ngwale, aliingia amevaa fulana, kwa sababu koti lake lilikuwa makao makuu likimwakilisha kwenye semina ya mahudhurio. Nyuma yake alikuwa karani, Bwana Tenge, ambaye hakuwa bado na cheo cha kupewa koti, na kwa hiyo alikuwa mtu pekee wa wizara aliyefanya kazi. Kazi yake ilikuwa kuandika kila neno la mkubwa wake daftarini na kuligonga muhuri. Na neno likishagongwa muhuri, katika nchi ile, hata aliyelisema halifuti ila kwa ruhusa ya anayehusika.

Bwana Ngwale aliyatazama makoti. Akainamisha kichwa kwa heshima. "Endeleeni na kazi," akasema, akapita kwa ncha za vidole asiyasumbue. Mbele ya suti ya mpira alisimama kitambo, akamnong'oneza karani aandike kwamba huyu anajituma mpaka anatokwa jasho.

Bi Mwanakombo akashusha pumzi, ila aliishusha mapema. Bwana Ngwale alipofika uani alikiona kitanda, na uso ukambadilika, kwani alijua hakuna mkaguzi aliyewahi kurudi mjini akamwambia Waziri kitanda chake hakina chumba. Akarudi ukumbini akakaa, akaletewa kahawa, akatafuta kosa. Alilipata kwenye fungu la mwombaji: kibali chataka muhuri wa mwenye mji. Na Povuni ina Afisa wa Mji, lakini mwenyewe alihamia ng'ambo mwaka wa kumi na moja huu, limebaki koti lake, ambalo limeshapandishwa cheo mara mbili. Koti haligongi muhuri. Basi nyumba, kwa masikitiko makubwa, imeshindwa.

Aliyasema haya kwa upole, akamalizia kahawa. Bi Mwanakombo akatazama chumba kile cha karibu na kisima. Machozi yalikuja, akayazuia, na mdomo ulipofunguka kilichotoka si ombi. Kilitoka kile kilichozoea kutoka.

"Kitendawili."

Na Bwana Ngwale, aliyelelewa na bibi yake kama watu wote wa maana, akajikuta amejibu kabla ya kufikiri.

"Tega."

"Ninaye mtumishi. Hali, halali, haugui, hachelewi kazini, na tangu aajiriwe hajamhudumia mtu."

Bwana Ngwale akafikiri. Akasema ni saa ya ukutani. Akaambiwa saa humhudumia kila anayeitazama. Akasema ni sanamu la uwanja wa uhuru. Akaambiwa hilo hutumikia kunguru. Akakuna kidevu, akamtazama karani, karani akatazama daftari. Likamshinda jambo ambalo alikuwa ameliinamia kichwa robo saa iliyopita.

"Nimeshindwa, Bi Mkubwa."

"Nipe mji."

"Nakupa mji mkuu."

"Siutaki, una foleni."

"Nakupa wa pili kwa ukubwa."

"Huko nilikaa siku tatu mbele ya koti. Nipe Povuni, mwanangu, niende kwa miguu."

"Haya," akasema Bwana Ngwale, kwa uchovu wa mtu mzima aliyeshindwa na mchezo wa watoto, "chukua Povuni, uwe wako, na kila kilichomo."

Kalamu ya Bwana Tenge ikakimbia mpaka mwisho wa mstari. Muhuri ukagonga, tap.

"Nilikwenda Povuni," akasema Bi Mwanakombo kama desturi inavyotaka, "nikala, nikanywa, nikalijua jibu. Ni koti."

Bwana Ngwale aligeuka kuyatazama makoti tisa, na maji ya suti ya mpira yalikuwa yamefika kwenye kiatu chake. Alielewa yote. Lakini akiyakana yale tisa, atakuwa amelikana na la kumi, lile la semina, na kwa hiyo yeye mwenyewe hayupo kazini wala hajawahi kuwepo. Akamwomba karani afute. Karani akasema kwa adabu kwamba muhuri umeshagonga, na ruhusa ya kufuta hutoka kwa mwenye mji. Bwana Ngwale akamgeukia Bi Mwanakombo.

"Njoo kesho," akasema Bi Mwanakombo.

Neno lile lilimtoka lenyewe, na, jamani, lilikuwa tamu kama halua.

Basi muhuri wa mji ukatolewa mfukoni mwa koti la Afisa aliyehama, akakabidhiwa Bi Mwanakombo. Kibali cha nyumba akatakiwa akigonge mwenyewe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikifika saa sita hakijagongwa, kitanda kinaingia ndani. Jambo la dakika moja. Bi Mwanakombo akaiweka ile karatasi mezani, kwenye chumba chake cha mbele kilichogeuka ofisi ya mji, akasema ataigonga kesho.

Ingekuwa ni mtu mwingine tungemcheka. Asubuhi ya pili alipelekewa kiti chenye mto. Ya tatu watu walianza kumwita Mheshimiwa, na yeye akakataa mara mbili, si mara tatu. Mmoja alitaka ruhusa ya kujenga banda la kukodisha mbao za mawimbi, mwingine alitaka uchochoro upanuliwe. Wote akawaambia kesho, kwa upendo, na baadhi yao akawakumbusha waje na nakala mbili. Karatasi zikapanda, na ya nyumba yake mwenyewe ikawa chini kabisa. Chausiku alimkumbusha kila alipopita. Alimjibu kwamba mambo ya serikali yana utaratibu wake, mwanangu.

Ijumaa bahari ilikuwa imelala. Lasse, aliyekuwa amemwahidi zamani, akamwita aje alale kifudifudi juu ya ubao, ukingoni tu, maji ya magoti. Bi Mwanakombo alikuwa na wajibu wa ofisi. Akafikiri. Akavua leso yake ya bega, ile yenye maneno "Subira ni yangu, haraka ni yako," akaitundika kwenye mgongo wa kiti. Dakika tano.

Aliporudi, amelowa mpaka utosini, akicheka kama msichana, ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mlangoni alisimama dereva wa Waziri, mkono mmoja mto, mkono mwingine mashuka, macho kwenye saa yake. Na ndani, kwenye benchi, mbele ya kiti, alikaa Bi Mishi. Alikuwa amefika tangu saa tatu.

"Mishi, nimerudi."

"Panga foleni, mwenzangu," akasema Bi Mishi kwa sauti ya chini. "Afisa yupo. Huioni leso yake?"

"Afisa ni mimi, Mishi."

"Wewe umelowa. Afisa yuko kitini, mkavu."

Bi Mwanakombo akatazama kiti. Mbele ya leso, juu ya meza, palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa, na kisahani. Kisahani kina maandazi mawili.

Safari hii hakucheka. Akakaa kwenye benchi, kando ya Bi Mishi, maji yakimchuruzika. Akangoja. Wallahi alingoja, dakika nzima mbele ya leso yake mwenyewe, kwa kuwa miaka sabini na moja ya malezi ya nchi ile haiondoki kwa siku moja. Dereva akakohoa. Bi Mwanakombo akanyanyuka, akanyoosha mkono.

"Ukiitoa, ofisi itakuwa haina mtu," Bi Mishi akamwonya.

"Haikuwa na mtu, Mishi."

Akaivuta leso, akajitanda. Kisha, kwa sababu aliyetangulia ametangulia, akachukua kwanza karatasi ya Bi Mishi, aliyetaka tu kufungua dirisha la upande wa bahari ili naye apate mpangaji. Akaigonga. Akazipekua nyingine mpaka chini, akaipata yake. Adhana ilipoanza "Allahu Akbar" ya kwanza, muhuri ukatua. Dereva akaitazama karatasi, akaitazama saa, akaondoka na mto wake. Kitanda kilibaki uani, maana fomu ya kurudisha kitanda cha Waziri haijachapwa.

Mchana ule ule Bi Mwanakombo alizimaliza karatasi zote akiwa amesimama, na maandazi yale akayala, yalikuwa makavu. Kisha akakipeleka kile kiti chenye mto kwa Bi Mishi, kwa ajili ya mpangaji wake. Ofisi ya Povuni ikabaki na meza tu. Mahali pasipo na kiti, alisema, hakuna pa kutundika kitu.

Wizara haikuridhika. Ilileta barua kwamba ofisi bila kiti haitambuliki, na kwamba imeteuliwa nguvu mpya ya kuimarisha uongozi wa mji. Baada ya siku nane lori lilirudi. Liliteremsha kiti, na kitini koti lilikuwa limeshavishwa, jipya, la kijivu, na barua ya uteuzi mfukoni: Afisa Mkuu wa Mji.

Bi Mwanakombo alilipokea kwa heshima zote. Alilivua kitini, akalibeba kwa mikono miwili mpaka uani, akalilaza juu ya kitanda cha Waziri, kifudifudi, akalifunika shuka mpaka kwenye kola. Liko pale mpaka leo. Asubuhi nyumba ni tupu, mchana viti tisa vina watu tisa. Na mwenye shida akija akamuulizia Afisa, Bi Mwanakombo huweka kidole mdomoni.

"Yupo, amelala, tusimwamshe. Nipe mimi hiyo karatasi."

Basi atakayekitegua kitendawili hiki na akitegue. Aliyeshindwa na atoe mji, ila asitoe Povuni: ule una mwenyewe, naye yuko usingizini.